Ukuta Wenye Joto

Kila jioni, Hilaria aliporudi kutoka shule, kazi zilimsubiri. Alivua sare, akala viazi vilivyobaki mchana, akachota maji bombani, kisha akawafungia ndama. Jua likishapotea nyuma ya Mlima Hanang, baridi iliingia Endasak haraka, na mara nyingi ukungu ulishuka nayo, ukafunika mashamba ya mahindi mpaka nyumba ya jirani isionekane.

Saa hiyo ndipo mama yake, Genoveva, alipooka mikate ya kuuza Katesh. Hilaria alimsaidia kukanda unga jikoni, nyuma ya nyumba. Herman, baba yake, alikuwa akirudi kutoka shambani. Na Babu Sulle, mzazi wa Herman, alikuwa chumbani kwake, amekaa kitandani, mgongo ameuegemeza ukutani, akisubiri.

Alikuwa akimsubiri Bibi.

Bibi Agatha alifariki wakati wa masika. Kwa miaka mingi alikuwa ameuza samaki wakavu sokoni Katesh, samaki walioletwa kutoka Ziwa Babati, na kila jioni alirudi wakati huohuo wa ukungu, khanga zake zikinuka samaki. Alipozikwa, Babu aliacha kula. Alikunywa uji vijiko viwili vitatu, akageukia ukuta. Watu waliokuja kumjulia hali waliondoka wakinong'ona kwamba Ako Sulle, kama walivyomwita kwa heshima, hatafika mavuno.

Kisha ukuta ukaanza kupata joto.

Babu mwenyewe ndiye aliyegundua. "Hilaria," aliita jioni moja, "njoo uweke mkono hapa."

Kuta za ndani za nyumba ile zilikuwa za zamani, za miti na udongo, zikapigwa lipu ya saruji baadaye. Zote zilikuwa baridi. Lakini pale, usawa wa mgongo wa mtu aliyeketi, palikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana jua halikufika chumba kile. Lilikuwa kama joto linalobaki kitini mtu akiinuka.

"Unasikia?" Babu aliuliza kwa sauti ndogo.

Hilaria alitega sikio. Ndani ya ukuta kulikuwa na sauti nyembamba, sss... sss..., ikikatika na kurudi, kama mtu anayenong'ona bila kutaja maneno. Balbu ya chumbani, ile ya zamani yenye mwanga wa njano, ilikuwa imefifia mpaka macho ya Babu yakaonekana kama mashimo mawili. Kisha ikaja harufu. Ilikuwa hafifu, lakini Hilaria aliijua tangu utoto. Ilikuwa harufu ya samaki, na nyumbani kwao hakuna aliyepika samaki tangu msiba.

"Amerudi kutoka sokoni," Babu alisema. Akatabasamu.

Usiku ule alimaliza ugali wote.

Tangu hapo kila mtu alijua, ingawa hawakulizungumza sana. Baba aliingia, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akatoka akifuta macho. "Mwacheni," alisema. "Anakula." Mama hakupenda kuingia chumba kile jioni. Mbwa wao alifika mlangoni, akasimamisha manyoya ya shingo, akarudi nyuma akinguruma. Jirani mmoja aliyekuja kuazima jembe aliambiwa aguse ukuta. Aligusa, akaaga papo hapo, jembe akaliacha.

Hilaria naye aliogopa mwanzoni. Baadaye akazoea. Alichungulia mlangoni akasema, "Shikamoo Bibi," na ukuta ukaendelea na minong'ono yake.

"Marahaba," Babu aliitika kwa niaba ya mkewe.

Hilaria alikuwa na miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili katika sekondari ya kata. Somo alilolipenda ni fizikia, kwa sababu Mwalimu Theodory alifundisha kama mtu anayesimulia habari za majirani. Siku moja alifika kwenye mada ya umeme.

"Volti ndizo zinazosukuma," alisema, akiandika ubaoni. "Ampea ndizo zinazopita. Na kila kifaa kina ukinzani wake, yaani jinsi kinavyouzuia umeme usipite kwa urahisi. Tunaupima kwa omu. Ukigawanya volti kwa ampea, unapata omu. Ukizidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani nguvu ya umeme inayotumika pale."

Mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, volti zikipungua njiani zinakwenda wapi?"

"Swali zuri. Haziendi bure. Kuna kitu njiani kimezila. Na kikizila, lazima kitoe kitu: mwanga, mwendo au joto. Hakuna umeme unaokufa kimya kimya."

Kazi ya nyumbani ilikuwa rahisi. Kila mmoja asome kibandiko cha kifaa kimoja cha umeme, akokotoe ampea na omu zake.

Jioni ile Hilaria alichutama nyuma ya oveni ya mama yake. Ilikuwa oveni ya mkono wa pili, iliyonunuliwa baada ya masika. Kibandiko kilisema volti 230, wati 2,300. Aligawanya wati kwa volti, akapata ampea 10. Akagawanya volti 230 kwa ampea 10, akapata omu 23. Kazi ya mwalimu ilikuwa imekwisha.

Ila macho yake yaliangukia kidude kidogo kilichochomekwa kwenye soketi ya pili ya jikoni. Mama alikinunua mnadani ili kuangalia umeme usije ukaunguza vitu. Kilionyesha volti kwa namba nyekundu. Oveni ikiwa imezimwa, kilisoma 230. Oveni ikiwaka, namba zilishuka. Hilaria aliziona zikishuka kila siku, hakuwahi kujiuliza. Sasa alisoma: 184.

"Mama," alisema, "oveni hii haipati umeme wake wote."

"Wewe unajuaje?"

"Ina omu 23. Volti 184 ukigawanya kwa 23, unapata ampea 8, siyo 10. Na 184 mara 8 ni wati 1,472. Ilitakiwa ipate 2,300."

Mama aliinua mkate mmoja, akautazama ulivyokuwa mweupe juu. "Kumbe! Mimi nalaumu hamira wiki zote hizi."

Wakacheka. Hilaria akachomoa kile kidude, akaenda nacho sebuleni, kwenye soketi iliyo karibu na mita ya Luku. Oveni ilikuwa bado inawaka jikoni. Kidude kilisoma 230, hakikutikisika.

Kicheko kilimwisha. Umeme ulifika sebuleni ukiwa mzima, na ulipofika jikoni ulikuwa umepungukiwa volti 46. Alizidisha 46 kwa ampea 8. Wati 368. Mahali fulani katikati ya sebule na jikoni, kitu kilikuwa kinakula wati 368 kila mikate ilipookwa, na kitu hicho hakikuwa taa wala redio wala chochote alichokijua.

Aliwasha tochi ya simu ya Mama, akaufuata waya kwa macho. Ulipanda kutoka kwenye mita, ukapita juu ya boriti, ukakata kona, kisha ukazama ndani ya ukuta wa chumba cha Babu.

Alisimama mlangoni. Balbu ilikuwa imefifia. Babu alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, midomo ikichezacheza kana kwamba anajibu maswali ya mtu.

"Ingia," alisema bila kufumbua macho. "Umsalimie bibi yako."

Hilaria aliweka kiganja mahali pale, akahesabu moyoni. Balbu sita za wati sitini ni wati 360. Ilikuwa kama vile mtu amezika balbu sita ndani ya ukuta ule, akaziacha zikiwaka gizani, mgongoni kwa Babu. Alipotaka kuuacha mkono wake pale kidogo, mkono ulikataa. Joto lilikuwa limezidi.

Sss, ukuta ulisema. Sss.

"Leo anaongea sana," Babu alisema kwa furaha. "Niletee maziwa mgando, nina njaa."

Hilaria alileta maziwa. Alimtazama akinywa mpaka tone la mwisho, akachukua kikombe kitupu akatoka bila kumwambia habari ya waya. Alitamani asingejua kugawanya.

Kesho yake, vipindi vilipokwisha, alimfuata Mwalimu Theodory nje ya ofisi ya walimu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Hilaria. Una nini?"

"Nina swali. Kama katika nyumba fulani wati 368 zinapotea njiani, ndani ya ukuta, inakuwaje?"

Mwalimu aliacha kufunga mkoba wake. "Ukuta wa nini?"

"Miti na udongo."

"Nyumba ya nani hiyo?"

"Ni mfano tu, mwalimu."

Mwalimu alimtazama kwa makini. "Basi uzime huo mfano wako haraka. Nyumba ya mfano nayo inaungua. Na kama ni nyumba ya mtu ninayemjua, niambie leo, nije."

"Ni mfano tu," Hilaria alirudia, akaondoka upesi.

Njiani aliapa kwamba akifika atasema. Alipofika, alimkuta Babu amenyoa ndevu na kuvaa koti lake la kanisani, amekaa kitandani kama bwana harusi. Hilaria alikwenda kuchota maji. Alijiambia atasema baada ya maji. Baada ya maji akasema atasema baada ya ndama.

Ukungu ulikuwa mzito jioni ile. Mama alikuwa ameingiza mikate ya pili kwenye oveni, na Baba ndiyo kwanza anavua viatu, waliposikia sauti ya Babu.

"Njooni! Njooni wote muone! Amejionyesha!"

Walikimbilia chumbani. Katika ule mwanga hafifu, lipu ya ukuta ilikuwa imetokwa na doa la kahawia ambalo asubuhi halikuwepo. Lilikuwa pana juu na jembamba chini, kama mgongo wa mtu aliyeegemea ukuta kutoka upande wa pili. Harufu ya samaki ilikuwa kali, inawasha koo. Na ile sauti haikuwa tena minong'ono. Ilikuwa inagonga ndani, tk, tk, tk, kama kucha.

Baba alivua kofia. Mama aliweka mkono mdomoni. Babu alipiga magoti juu ya kitanda, akasogeza shavu lake taratibu kuelekea kwenye lile doa.

"Babu, usiguse!" Hilaria alipiga kelele.

Baba aligeuka. "Hilaria! Unamkemea babu yako?"

"Baba, siyo Bibi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ni waya. Waya wa oveni unapita humo ndani. Unakula wati 368, nimehesabu. Ndiyo maana balbu inafifia. Ndiyo maana kuna joto. Humo ndani kunaungua."

"Umehesabu?" Baba alimsogelea. "Yaani hesabu za shule ndizo zije kumfukuza mama yangu nyumbani kwake?"

Ukuta uligonga, tk, tk. Kisha Babu akainua mkono wake mkavu.

"Mwache, Herman. Mjukuu wangu hajawahi kunidhihaki." Akamtazama Hilaria. "Unaweza kunionyesha?"

"Naweza, Babu. Nitakwenda jikoni. Wewe sikiliza tu."

Alikwenda jikoni, akazima swichi ya oveni. Nyumba nzima ilinyamaza. Chumbani balbu iling'aa ghafla, mwanga wake ukafika mpaka ukumbini. Kwa muda hakusikia kitu ila upepo kwenye mabati.

"Amenyamaza," Babu alisema.

Kisha: "Washa."

Hilaria aliwasha. Mwanga wa ukumbini ulififia.

"Amerudi." Safari hii sauti ya Babu ilikuwa nzito, kama ya mtu anayebeba mzigo. Hilaria alisimama na kidole kwenye swichi, akisubiri, na ilionekana kwake kwamba hatasikia tena neno lolote kutoka chumba kile.

"Zima, mjukuu wangu," Babu alisema mwishowe. "Zima kabisa."

Baba alikwenda kwenye mita akashusha swichi kuu. Giza likajaa. Kwa mwanga wa tochi ya simu walimhamishia Babu sebuleni, kisha Baba akachukua nyundo na patasi akaanza kuvunja lipu palepale kwenye doa. Kipande cha tatu kilipodondoka, moshi ulitoka taratibu, mweupe, ukapanda darini. Ndani kulikuwa na waya mwembamba uliozungushwa mizunguko mingi, kama kamba iliyobaki mtu akaificha. Viungo vyake vilikuwa vimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa plastiki. Plastiki yote ilikuwa imeyeyuka. Mti wa ukuta uliokuwa nyuma yake ulikuwa mweusi kama mkaa, na hewa ilipoingia pale, pembe yake ilifumbuka, ikawa nyekundu, kama jicho.

"Umeme umezimwa?" Mama aliuliza, ndoo ya maji mkononi.

"Umezimwa."

Alimwaga maji. Jicho lile lilifoka mvuke na kufumba.

Baba alitoka na ule waya, ukiwa bado unanuka. Babu aliomba apewe. Aliusogeza puani, akanusa ile plastiki iliyoungua.

"Ndiyo harufu hii," alisema, akaurudisha.

Baba aliketi chini sakafuni. "Waya huu niliununua mimi," alisema. "Fundi aliniambia ni mwembamba mno kwa oveni. Nikamwambia waya ni waya, afunge tu. Na uliozidi akauzungushia humo humo."

Kesho yake alikuja fundi mwingine kutoka Katesh, mwanamke aitwaye Getruda, akiwa na mkoba wa vifaa na waya mnene. Alimwomba Hilaria amwonyeshe hesabu zake, akazisoma akiwa amesimama.

"Volti 46 gawanya kwa ampea 8," alisema, "ni omu 5.75. Unaona? Hiyo ni robo kamili ya oveni yenu. Mlikuwa na robo ya oveni ndani ya ukuta wa chumba cha kulala. Waya ukiwa mwembamba na viungo vibovu, ukinzani unakuwa mkubwa, na joto linakwenda huko." Alimgeukia Baba. "Siku chache tu, mzee wangu. Siku chache mngekuwa mnazungumza habari nyingine."

Alipomaliza kazi, aliwasha oveni. Namba nyekundu zilishuka mpaka 228, zikatulia hapo. Ukuta ulibaki baridi.

Lakini Babu hakula siku ile. Wala asubuhi iliyofuata. Aliwekewa uji ukapoa. Hilaria alishindwa kuvumilia, akaenda kupiga magoti karibu na kitanda.

"Nisamehe, Babu."

"Nikusamehe nini? Ulijua lini habari ya waya?"

Hilaria aliinamisha kichwa. "Kabla ya lile doa kutokea. Hata Mwalimu Theodory aliniuliza, nikamdanganya kwamba ni mfano."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Kwa sababu ulikuwa unakula."

Baba, aliyekuwa akiziba lile tundu kwa udongo, aliacha kazi yake akasikiliza.

"Hilaria," Babu alisema, "ulinionea huruma, na huruma hiyo ingetuchoma sote. Ni kweli nilikuwa na furaha. Lakini nilikuwa nafurahia moto. Ukijua jambo la kweli, liseme lingali dogo. Liseme kwa upole, na ukitaka kulia na mtu, lia naye, lakini liseme. Mimi siyo mtoto wa kudanganywa ili nile." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, Herman, mtu anayeijua kazi yake akikuonya, usimwambie waya ni waya."

"Ndiyo, Baba," Herman alijibu kwa sauti ndogo.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Hilaria alimfuata Mwalimu Theodory akamweleza kwamba nyumba ile haikuwa mfano. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alimwomba tu aje mbele ya darasa aandike hesabu zake zote ubaoni, na awaambie wenzake pia ile siku nzima aliyokaa kimya. Aliandika, na aliwaambia. Hakuna aliyecheka.

Jioni ile, wakati Mama akitoa mikate kwenye oveni, mlango wa jikoni ulifunguliwa. Babu alisimama pale na mkongojo wake, blanketi mabegani. Hakuwa ameingia jikoni tangu msiba. Hilaria alimsogezea kigoda, akaketi karibu na meza, akaitazama mikate iliyoiva vizuri, ya rangi ya kahawia.

"Chumba kile kina baridi," alisema.

Kisha, bila kuulizwa, akaanza. "Mnajua neno la kwanza bibi yenu aliloniambia? Nilikwenda kwao Nambis kumsaidia baba yake kuvuna ngano. Nikataka nionekane kijana hodari. Yeye akaja, akanitazama, akasema: unashika mundu kama mtu anayechana nywele."

Mama aliangua kicheko mpaka akaweka trei chini. Hata Baba, aliyekuwa mlangoni akivua viatu, alicheka.

"Ukamjibu nini, Babu?" Hilaria aliuliza.

Babu alinyoosha mkono kuelekea mezani.

"Nikatie kwanza kipande cha mkate," alisema.